Wiki ya Kwanza Shambani kwa Bibi Lea

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye sokoni, hapa mjini Wote, ananiuliza swali lile lile: mbona siku ya tano ulituandikia kwamba unarudi nyumbani, kisha ukakaa wiki zote sita? Nimejibu kwa kifupi mara nyingi, na kila mtu ameondoka na kipande chake. Wengine wanasema niliugua. Mmoja anasema nilikamatwa. Kwa hiyo nimeketi kuandika, ili nyote msome kitu kimoja.

Mnanijua. Nimechuma chai Kericho, nimefunga maua Naivasha, nimepika hotelini Mombasa, na kote huko niliondoka kabla jambo halijakamilika. Nikiwa mbali naota nyumbani, nikiwa nyumbani naota barabara. Safari hii nilikuwa nimeapa iwe tofauti. Shamba alilotuachia mama kule Kibwezi ni kavu, mahindi yake hufa yakiwa na urefu wa goti, na nilikuwa nimesikia kwamba Dodoma, penye ukavu kama wetu, watu huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Nikapata nafasi katika mafunzo ya wiki sita. Dada yangu Nduku akaanza kuchimba mashimo ya kupandia hata kabla sijapanda basi. Habari za fomu na vibali naziruka. Sijawahi kuona mtu aliyefurahishwa nazo.

Namanga hadi Kondoa

Nilivuka Namanga asubuhi, nikalala Arusha, na kesho yake alfajiri nikapanda basi la Dodoma. Kando yangu alikaa mama mmoja wa makamo, mfanyabiashara wa vitunguu, aliyeitwa Mama Asha. Kabla basi halijatoka kituoni alikuwa ameshaniuliza hali yangu, ya nyumbani, ya safari, ya watoto na ya kazi. Nilijibu "mzuri" mara moja kwa yote, nikageukia dirisha. Akasema, "Kumbe umetoka Kenya." Sikuwa nimemwambia.

Baada ya Babati barabara inapanda. Sikutegemea kijani kile. Pale Bereko misitu inashuka mpaka kwenye lami na ukungu unaingia dirishani, nikavuta leso yangu mabegani. Nikakumbuka asubuhi za Kericho, nikiwa na miaka ishirini na kapu mgongoni, na nikasikia lile pengo ambalo hunifanya nitake kushuka popote pale gari lilipo. Tulipopita Kolo, Mama Asha alinyoosha kidole kwenye vilima, akasema huko juu kuna miamba yenye michoro ya watu wa kale, watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa, na hakuna ajuaye walichora lini. Nilimwuliza kama ameshaiona.

"Mimi nina vitunguu," alisema. "Wewe usiye na vitunguu nenda ukaione."

Nilijiandikia akilini kurudi siku moja. Nina orodha ndefu ya mahali pa kurudi.

Chemba, siku ya mnada

Kuanzia Kondoa nchi inakauka tena, na ardhi inageuka nyekundu. Tulipokaribia Chemba mkanda wa injini ulikatika. Dereva alishuka, akatazama, akavua shati, na tukajua kwamba tutakaa.

Bahati yetu ilikuwa siku ya mnada. Upande wa pili wa barabara ng'ombe walijaa uwanja mzima, vumbi likiwa limesimama juu yao kama paa. Wanaume wenye fimbo walizunguka wakipapasa nundu na kutazama meno. Harufu ya nyama ya kuchoma ilinifikia kabla sijavuka. Nilikwenda moja kwa moja kwa mama aliyekuwa akipika chini ya turubai, nikasema, "Nipe ugali na nyama, haraka kidogo, basi litaniacha."

Hakunitazama. Alimhudumia mzee aliyekuja nyuma yangu, kisha vijana wawili, kisha mwanamke mwenye mtoto. Nikarudia kwa sauti. Akaendelea kupanga sahani. Nilianza kufikiri labda hasikii, ndipo Mama Asha akaja nyuma yangu akicheka.

"Dada yangu, umemsalimia?"

"Nina njaa."

"Na yeye ana jina." Akamgeukia mpishi. "Habari za kazi, mama? Poleni na jua. Mgeni wetu huyu anaomba chakula."

"Salama, karibuni, karibuni sana," akasema mpishi, na uso wake ukafunguka kana kwamba ndiyo kwanza tumefika. "Mgeni akae hapa penye kivuli."

Nililetewa ugali wa uwele, wa kijivu na mzito, pamoja na nyama ya mbuzi na bakuli la mlenda, ile mboga inayovutika kama utomvu. Sikujua namna ya kuupeleka mlenda mdomoni bila kuuburuza kifuani. Watu watatu walinifundisha kwa wakati mmoja, kila mmoja na mtindo wake, mmoja akikata ule uzi kwa kidole cha shahada na mwingine akiuzungusha kwenye tonge. Nikajichafua vizuri. Mpishi alikataa kuniacha niondoke kabla ya kuongezewa, na dereva alipopiga honi alimfokea yeye badala yangu.

Tulikaa Chemba kwa muda wa saa nne. Nawaambia kweli, sikumbuki kituo kingine nilichochelewa nikasikitika kuondoka.

Dodoma mjini, darasa la kwanza

Nilikuwa nimepanga chumba Chimwaga, upande wa chuo kikuu, kwa sababu vyumba ni vingi huko. Jirani zangu wote walikuwa wanafunzi, wenye umri wa watoto ambao ningekuwa nao kama ningetulia. Asubuhi ya Jumatatu nilipotoka bafuni na ndoo yangu, saba walinipa shikamoo kabla sijafika mlangoni. Kwetu bara neno hilo nililisoma kitabuni shule ya upili, kisha nikaliacha humo. Niliitika marahaba saba mfululizo, na kufika la saba nilijiona nimenyooka mgongo.

Darasa letu lilikuwa mjini, chumba kimoja chenye madirisha makubwa si mbali na reli. Tulikuwa kumi na wanane. Mwalimu wetu, Mwalimu Rehema, Mrangi wa Kondoa mwenye sauti ndogo isiyohitaji kupandishwa, hakutuonyesha mzabibu hata mmoja siku hiyo. Alituuliza swali: "Kwa nini watu walikaa hapa?" Mmoja akasema serikali, mwingine akasema zabibu. Mwalimu akatikisa kichwa.

"Maji," alisema. "Miaka mingi kabla ya ofisi hizi, misafara ilitoka pwani kwenda bara, na ilikuwa lazima ipite Ugogo. Maji yalikuwa machache na yalikuwa na wenyewe. Hukunywa mpaka umezungumza na mwenye kisima. Mkulima asiyejua hilo, hata mzabibu hawezi kuulea hapa."

Nikaliandika vizuri daftarini na kulipigia mstari. Baadaye mtaona jinsi nilivyolielewa.

Jumanne alitutembeza mji. Nilidhani Dodoma ni mji wa juzi, wa barabara pana na majengo yenye vioo, na kweli hayo yapo, tena safi kuliko nilivyozoea. Lakini alitupeleka kwanza kituo cha reli cha zamani, tukasimama kwenye jukwaa lake la mawe. Kutoka hapo tukapita mitaa yenye maduka ya familia za Kihindi. Kwenye duka moja la vitambaa mzee mwenye miwani alituletea viti viwili kwa watu kumi na wanane, akaomba radhi kwa ajili ya wale kumi na sita.

"Babu yangu alishuka kwenye treni hapo," alisema, akionyesha na rula ya kupimia. "Alimwambia bibi wataangalia biashara wiki moja tu, kisha waendelee Tabora. Masanduku mengine hayakufunguliwa mpaka alipofariki."

Wote walicheka. Mimi nilishika kitambaa kilichokuwa mbele yangu, nikauliza ni cha nini ilhali nilijua.

Aliyetembea nami siku hiyo ni Atilio, Mhehe wa Iringa, mwanamume mrefu wa umri wangu aliyekuwa dereva wa trekta na sasa anataka shamba lake mwenyewe. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba Dodoma kuna mahali panaitwa Kikuyu. Nilipomwuliza kama Wakikuyu walifika mpaka huku, alinijibu kwa uso mkavu kwamba walifika, wakaona ukame, wakaacha jina wakaondoka. Nilimwamini siku nzima.

Barabara ya Mvumi

Jumatano tulipanda kenta ya chuo, lori lake dogo, kwenda Mvumi. Mazoezi yetu yalikuwa kwenye shamba la Bibi Lea, mjane wa miaka sabini na kitu, Mgogo wa pale pale. Kila msimu aliwaruhusu wanafunzi kupogoa mizabibu yake chini ya macho yake, na mwalimu alituambia njia nzima kwamba hakuna shamba lingine lililo karibu ambalo mwenyewe angethubutu kuwaachia wanafunzi. Mzabibu wa Dodoma usipokatwa hauzai. Ukikatwa vibaya, mwenye shamba amepoteza msimu. Tena ulikuwa mwisho wa kiangazi, na kila siku iliyopita bila kukata ilisogeza mavuno kuelekea kwenye mvua za mwisho wa msimu, ambako zabibu huoza.

Bibi Lea alitupokea amekaa kwenye kigoda mbele ya safu ya kwanza, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani. Tulimsalimia mmoja mmoja. Naye akamwuliza kila mmoja wetu anatoka wapi na anaitwa nani. Ilipofika zamu ya Atilio, akasema Iringa.

Bibi akafunga macho. "Nani ameniletea Mhehe? Rehema, binti yangu, wahi ukamfungie mbwa ndani."

"Mbwa gani, Bibi?" akasema Atilio. "Yule mifupa mitupu pale getini? Nimemtazama vizuri. Hata mchuzi hatoi."

"Mwizi wewe. Na miguu kama fito za banda la kuku."

"Na wewe Mgogo una ng'ombe zizi zima halafu kila siku mlenda. Utakufa lini tuwale? Nimekuja na sufuria yangu kutoka Iringa, nimechoka kuibeba."

Nilishika mdomo. Lakini Bibi Lea alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Nitakuzika wewe kwanza," alisema, "na juu yako nitapanda zabibu chungu." Atilio akamnyang'anya kigoda, akakikalia, na bibi akampiga kofi la mgongo, na darasa zima likacheka.

Niliwapenda watu hawa. Niliwaza: kumbe hii ndiyo Dodoma. Salamu ndefu nje, na ndani uhuru wa namna hii. Siku nzima Bibi Lea alitufundisha kwa mikono yake, namna ya kuhesabu macho kwenye tawi, yaani vile vivimbe ambako chipukizi litatokea, namna ya kuacha mawili na kukata juu yake kwa mshazari ili maji yateremke. Hatukukata. Tulitazama na kushika tu. Kukata kungeanza kesho.

Alhamisi asubuhi tulifika, kila mmoja na mkasi mpya mkononi. Bibi Lea alitoka nyumbani kwake akitembea polepole kidogo kuliko jana. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyelala vizuri. Nilitaka ajue kwamba mgeni kutoka Kenya naye ni mtu wa hapa sasa. Nikasema kwa sauti, "Bibi, kumbe hujafa bado? Na mimi nimekuja na sufuria, tena kubwa kuliko ya Atilio."

Hakuna aliyecheka. Bibi alisimama. "Umesemaje, mama?"

Nami, Mungu anisamehe, nilidhani hakusikia. Nikarudia. Mara hii kwa sauti zaidi, na taratibu, neno kwa neno.

Aliutazama mkasi wangu. Kisha akamgeukia mwalimu. "Rehema, mtu wako ameleta kifo shambani kwangu asubuhi, kabla jicho la kwanza halijakatwa. Tena ana chuma mkononi. Leo hakuna kukata." Akarudi nyumbani kwake, akafunga mlango bila kuubamiza.

Chimwaga, siku ya kujificha

Ndani ya kenta hakuna aliyenigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nilisema nilikuwa natania.

"Atilio ndiye aliyekuwa anatania," alisema Mwalimu Rehema. "Wewe ulimwambia mtu mzima afe."

"Maneno ni yale yale."

"Ni yale yale. Lakini Atilio ni mtani wake. Mimi nimefanya kazi na bibi huyu miaka mingi, na hata mimi huchagua maneno." Akatazama barabara. "Kesho usije shambani, Kamene. Nitajaribu kumwomba awapokee wenzako. Kuhusu wewe sijui. Na sina shamba jingine la kukupeleka."

Atilio alinisindikiza mpaka Chimwaga. Tuliketi kwenye kibaraza cha mama anayeuza chipsi kwa wanafunzi, na akanieleza. Zamani Wahehe na Wagogo walipigana, wakaibiana ng'ombe na kuuana, mpaka walipochoka wakapatana kwamba kuanzia hapo watapigana kwa maneno. Kwa hiyo mtani anaruhusiwa kukutukana, kuchukua kuku wako, kukutania hata msibani ukiwa unalia, na huruhusiwi kukasirika. Na siku ya shida huyo huyo ndiye atakayekuja kuchimba kaburi na kupatanisha ndugu.

"Sasa ninyi Wakamba," aliuliza, "mlipigana na Wagogo lini?"

"Sijawahi kusikia."

"Basi hiyo ndiyo shida yako. Hukupigana, unataka kufaidi amani."

Nilicheka, kisha nikaingia ndani nikalia. Wenzangu kumi na saba walikuwa wamekosa siku kwa ajili ya mdomo wangu. Na mimi nilikuwa nimefika kwenye mlango ule ninaoujua sana, ule wa kutokea. Siku ya Ijumaa, wenzangu walipokwenda Mvumi, nilikunja nguo. Wanafunzi walipita dirishani na shikamoo zao, nikaitika bila kuinua kichwa. Ndipo nikawaandikia ule ujumbe kwamba Jumapili nitakuwa njiani.

Nyinyi mlijibu pole, mlijibu usijali. Nduku peke yake aliandika maneno mawili: "Mashimo nifukie?"

Nilikaa na simu ile mkononi mpaka Atilio aliporudi saa kumi. Bibi Lea alikuwa amewakubali wengine, wakakata safu nne kwa zamu, tawi moja moja mbele ya macho yake. Ya tano, iliyokuwa yangu, ilisimama na matawi yake yote. Alisema ataikata mwenyewe, hakuna wa kuigusa.

Nikamwambia, "Nipeleke kwake."

"Nilikuwa nangoja useme," alisema. "Ila kuna jambo moja. Nikisema mimi, wewe nyamaza. Ukiulizwa ndipo useme."

Kurudi Mvumi

Tulifika Jumamosi, jua likiwa limeshakaza. Atilio aliniacha nje ya ua, akaingia bila kubisha hodi, kama mwenye nyumba. Nilisikia kila neno.

"Mgogo, amka, nimekuletea mhalifu."

"Wewe ndiye mhalifu. Nani aliyemfundisha mgeni maneno yale?"

"Mimi. Nilifungua mdomo mbele ya mtu asiyejua mlango upo wapi. Nitoze faini."

"Kuku."

"Sawa. Nitamchukua bandani kwako nikulipe."

Bibi hakucheka. Alisema kwa sauti nyingine kabisa, "Mdogo wangu amelazwa hospitali hapo juu tangu wiki iliyopita. Nilikuwa nimetoka kumwona alfajiri ile. Narudi, hata sijapumzika ndani, naambiwa na mtu nisiyemjua kwamba sijafa."

Atilio hakutania tena. Alisema, "Pole sana, Bibi. Hakujua. Nasi hatukujua." Kisha akaniita.

Niliingia nikapiga goti moja, kama tulivyolelewa, nikampa shikamoo. Aliitika, kwa kuwa shikamoo haikataliwi, lakini hakuniambia niketi. Mbwa wa getini alinifuata, akalala kati yetu.

"Kwenu," aliniuliza, "mtu akimtamkia mzee kifo, mnafanyaje?"

Sikuwa nimelifikiria kwa miaka thelathini. Lakini swali lilipotoka nilimwona bibi yangu mzaa mama, uani kwake, siku nilipomwambia kaka yangu kwa hasira kwamba afe. Nilisema, "Bibi yangu alinipa maji. Nikajaza mdomo, nikayapuliza chini mbele ya kaka yangu, nikasema nimeyapoza."

Bibi Lea alinitazama. Kisha akainuka mwenyewe, akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha maji. Nchi ile, mwisho wa kiangazi, maji yanabebwa kichwani kutoka mbali. Alinipa.

Nilijaza mdomo. Nikayapuliza kwenye vumbi mbele ya miguu yake, nikasema kwa Kikamba, kama alivyonifundisha bibi yangu, kisha nikarudia kwa Kiswahili: "Niliyoyasema nimeyapoza. Yasimfuate mtu."

Alichukua kibuyu, naye akajaza mdomo kidogo. Akanipulizia kwenye viganja, maji machache kama umande. "Hata sisi," alisema, "tunapuliza." Akakaa. "Sasa keti."

Nikaketi chini. Atilio akashusha pumzi, akasema sasa anaweza kudai kuku wake, akaambiwa anyamaze.

"Sikiliza, mama," alisema Bibi Lea. "Utani siwezi kukupa. Mimi si mwenye nao, ni wa wazee waliokufa. Huyu mla mbwa atanitukana mpaka siku ya kuzikwa kwangu, na atakuja kuchimba. Wewe huna njia hiyo. Wewe njia yako ni ya mgeni, na mgeni akikaa sana huwa mtoto. Mtoto hamwambii mama yake vile."

"Ndiyo, mama."

"Haya. Mkasi umekuja nao?"

Nilikuwa nao kwenye mfuko wa nguo. Niliuchukua asubuhi ile bila kuwa na hakika kama ni wa kufanyia kazi au wa kuurudisha kwa mwalimu.

Tulikwenda kwenye safu ya tano. Alisimama kando yangu, mkono mmoja kiunoni. Nilihesabu macho mawili, nikakata. Lakini nilikata kwa usawa badala ya mshazari. Alichukua mkasi, akarekebisha, akanirudishia bila neno. Nikakata la pili. Alilitazama, akalitikisa tawi, akaguna. La tatu maji yalianza kutoka mahali nilipokata, tone baada ya tone, nikashtuka nikidhani nimeuumiza mzabibu.

"Acha, yatakauka yenyewe," alisema. "Endelea."

Kufika mzabibu wa sita hakuwa kando yangu tena. Nilipogeuka, alikuwa amevuka kwenda safu ya sita, amenipa mgongo, anakata za kwake haraka haraka, hata hatazami anapohesabu. Atilio alikuwa amelala kivulini na kofia usoni.

"Kwenu," bibi aliuliza kutoka upande ule, bila kugeuka, "mvua inaanza mwezi gani?"

"Wa kumi na moja, mama. Inaisha wa kumi na mbili. Halafu nyingine wa tatu na wa nne, ikipenda."

"Na katikati yake?"

"Jua kidogo. Halafu kiangazi kirefu, kuanzia wa sita mpaka wa kumi."

Mkasi wake ulilia mara tatu, nne. "Basi usitufuate sisi," alisema. "Mwezi huu ungekata, zingekuivia wakati wa mvua yenu ya mwezi wa tatu, na ungepoteza zote. Wewe kata wa tano, uvune wa tisa, juani. Ule msimu wa pili usiulazimishe mpaka mizizi ikomae. Umesikia?"

Nilisikia. Hakuna mtu wa darasani ambaye angeniambia hilo, kwa sababu hakuna aliyeuliza mvua yetu. Nikamwambia arudie miezi, akarudia. Kisha akauliza udongo wetu una rangi gani, na unashika maji au unayapitisha, na mbuzi wa jirani wanafungwa au wanatembea. Tukaendelea hivyo, yeye upande ule na mimi upande huu, mpaka safu yangu ikaisha na yeye akawa katikati ya safu ya nane. Jioni ile nilimwandikia Nduku asifukie mashimo, na Jumapili sikupanda basi.